Ukungu wa Picha Iliyoungua

Mwenye studio alikuwa na swali alilomuuliza kila mteja aliyemaliza kupigwa picha, kwa sauti ileile ya mama ntilie anayeuliza kama unataka wali maharage au wali nyama: "Nikuwekee na hali ya hewa?"

Hali ya hewa ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimerudi Singida na shahada ya jiografia, nikisubiri ajira. Zamani mtu akimaliza chuo kikuu alipangiwa kituo kama anavyopangiwa kiti kwenye basi. Sisi tuliambiwa soko sasa ni huria, tukajitafutie. Duka la ushirika la karibu na stendi lilikuwa limegeuka duka la simu na redio, na mitumba haikuwa nguo tu tena. Kompyuta ya studio ilikuwa mtumba pia. Ubavuni ilikuwa na kibandiko cha ofisi fulani ya ng'ambo, kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuisoma. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuhariri picha, na hiyo nilijifunza mwenyewe kwa kubonyeza kila kitu na kuona kinachoharibika.

Watu walitaka ukungu. Walikuwa wameuona kwenye kalenda za maporomoko ya maji zilizotundikwa kila duka, na kwenye video za harusi za Dar es Salaam. Picha ya mtu tuliyemfuata nyumbani, amesimama uani kwao saa sita mchana, ilikuwa na choo cha makuti nyuma yake, na kamba ya nguo, na mbuzi, na vumbi lililonyanyuliwa na upepo. Ukungu ulifunika vyote hivyo, ukamwacha mtu peke yake mbele ya kitu cheupe ambacho kingeweza kuwa mahali popote. Mwaka ule mvua ilichelewa, mahindi yakakauka yakiwa magotini, na wapo waliotaka niwawekee mvua. Niliwawekea. Mzee mmoja alichukua picha yake yenye manyunyu, akaitazama akacheka, "Angalau huku imenyesha."

Mimi mambo haya yalinikera. Nilikuwa nimefundishwa ukungu unatokana na nini, na ukungu haukai nyuma ya mtu ambaye kivuli chake kimejikunja chini ya miguu yake. Nilimwambia mwenye studio. Akaniuliza, "Kuna mteja yeyote aliyelalamika kuhusu kivuli?" Hakukuwa na yeyote.

Shida ya kweli ilikuwa kwamba ukungu uliotengenezwa na programu ile ulifanana na pamba iliyotoka kwenye godoro. Nilihitaji ukungu wa kweli, nikaanza kuutafuta ndani ya studio. Juu ya kabati kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa picha za zamani: zisizochukuliwa, zilizokosewa, nyingine nyeusi na nyeupe za enzi ambazo mwenye studio alisafisha filamu mwenyewe kwenye chumba cha giza. Nilikuwa nimeshamuuliza kwa nini hazitupi.

"Picha ya mtu haitupwi," alinijibu.

"Kwa nini?"

"Wewe na kwa nini zako. Ungeitupa wapi? Jalalani, kuku waikanyage usoni?"

"Ni karatasi, mzee."

"Basi nenda katupe ya mama yako, kisha urudi unieleze."

Ndani ya kopo nikapata nilichokuwa nakitafuta: picha iliyoungua. Hivyo ndivyo tulivyosema filamu ikiingia mwanga kabla ya kusafishwa. Picha zimeungua. Hii ilikuwa imeungua vizuri, kwa macho yangu ya wakati ule. Weupe ulianzia pembeni, ukapanda katikati, ukatawanyika kwa namna ambayo hakuna programu ingeweza kuibuni, mahali pazito, mahali pepesi, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji na bado hayajachanganyika. Nikaiweka kwenye skana. Nikamweleza mwenye studio kwamba picha kwenye kompyuta hupangwa kwa matabaka, kama khanga juu ya khanga, na kwamba nikilipunguza nguvu tabaka la ukungu, kilicho chini kitaonekana kwa mbali. Akasema ni uchawi wa kisomi, akaenda kunywa chai.

Kuanzia siku hiyo ukungu wa mji ulikuwa ule. Maharusi walisimama mbele yake, na wahitimu wa darasa la saba, na madereva wa malori ya alizeti. Nilipohitimu nilikuwa nimepigwa picha mbaya ya joho; nayo nikaiwekea ukungu ule, nikampelekea mama yangu, akaitundika sebuleni.

*

Mama aliyeibadilisha kazi yangu alikuja siku ya mnada, kabla ya mchana, kutoka upande wa Ikungi. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, na vumbi la barabara lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yupo?"

Mwenye studio akatoka nyuma. Walisalimiana kwa Kinyaturu, kirefu, hali ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mashamba. Kisha mama akafungua kifundo cha khanga, akatoa picha ya fremu. Niliitambua. Binti wa kipaimara, gauni jeupe, kitabu cha nyimbo mkononi, ukungu nyuma yake.

"Hii ni kazi yenu?" akauliza, sasa kwa Kiswahili, ili na mimi nihusike.

"Ni yetu. Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimeiazima kwa jirani. Nataka kujua huyu mmemtoa wapi."

Mwenye studio akacheka. "Si binti wa jirani yako? Alikuja kwa miguu yake."

"Huyo namjua, nimembeba mgongoni. Nauliza huyu aliyesimama nyuma yake."

Kicheko kikakatika. Niliichukua picha, nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Nyuma ya binti hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ukungu wangu.

"Mama, hapa hakuna mtu," nikasema.

"Yupo. Ni mwanangu."

Alieleza akiwa amesimama, hakutaka kiti. Mwanawe wa kwanza alipigwa picha kwenye studio hii hii asubuhi ya siku aliyoondoka kwenda machimbo ya dhahabu. Alimwambia mama aje aichukue, ikae nyumbani mpaka atakaporudi. Mama alikuja, akaambiwa picha imeungua.

"Ndivyo ulivyoniambia," alimwambia mwenye studio, bila ukali. "Ukasema akirudi aje, utampiga nyingine bure."

"Nilisema," mwenye studio akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Hakurudi akiwa hai. Shimo lilimfukia yeye na wenzake, na alipoletwa nyumbani sanduku lilikuwa limepigwa misumari. Wanaume walimzuia mama asilifungue. Hakuwahi kuuona uso wake tena, si kwenye sanduku, si kwenye karatasi. Sasa alizeti ilikuwa imevunwa na familia ilikuwa inajengea kaburi kwa saruji, na kwetu siku hizi kaburi likijengewa linawekwa picha chini ya kioo, upande wa kichwani. Makaburi yote ya ukoo yalikuwa na nyuso. La mwanawe lingekuwa na kioo tu.

"Nilikuwa nimekubali," alisema. "Ndipo nikaenda kumpongeza binti wa jirani, nikamkuta ukutani."

*

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza amemtambuaje.

Akaweka kidole juu ya kioo cha fremu, karibu na bega la kushoto la binti. "Sikio hili. Na hivi alivyoshika kichwa." Akainamisha kichwa chake upande. "Alipokuwa mdogo aliumwa sikio. Lilipona, lakini kichwa kikabaki na mazoea."

Nilimweleza, kwa heshima niliyoweza, kwamba macho ya binadamu hutafuta watu mahali ambapo hawapo. Kwamba mtu akitazama mawingu anaona ng'ombe, na hapa kwetu watu wanatazama yale majabali ya kando ya ziwa wanaona tembo, wanaona mwanamke aliyejitwika mtungi, na jabali ni jabali tu.

"Mawe nayajua," alisema. "Nimezaliwa kwenye mawe. Jiwe halijawahi kunifanya nishindwe kula."

Nikawasha kompyuta. Nilidhani nitamwonyesha. Niliufungua ukungu peke yake, bila binti, bila bwana harusi, bila mtu yeyote mbele. Nikagundua kwamba sikuwahi kuutazama hivyo. Nilikuwa nimeutumia mpaka nauota, lakini siku zote kulikuwa na mtu amesimama mbele, na ni huyo niliyekuwa namwangalia.

Nikaongeza weusi. Weupe wa pembeni ukarudi nyuma kidogo, ukatokea mstari uliosimama.

"Pazia," mwenye studio akanong'ona. "Lile la maua, la zamani."

Nikaongeza tena. Mteremko ukatokea, ukaweza kuwa bega. Ncha ya kola. Kisha, juu ya kola, kitu kilichopinda kama mkono wa kikombe. Nilisubiri nione uso na nikaongeza weusi mpaka picha ikaanza kuchafuka, lakini pale ambapo uso ungekuwa palibaki peupe, pakavu, kama chumvi inayobaki kingoni mwa ziwa maji yakishuka.

Mama alikuwa amejishika mdomo.

"Toa huo moshi usoni," aliniambia. "Si wewe unayeuweka? Utoe."

Hapo ndipo iliponibidi kusema jambo ambalo mpaka leo sijapata namna nzuri ya kulisema. Ukungu ninaouweka mimi uko juu ya picha, na chini yake kuna mtu, nikiuondoa anabaki. Ukungu huu haukuwa juu yake. Mwanga uliingia kwenye filamu ukaula uso wenyewe. Chini ya weupe ule hakuna kitu kinachongoja kufunuliwa.

"Na huyo mwenye sikio amesimamaje bila uso?" aliuliza.

Nilimgeukia mwenye studio, nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu karatasi ile. Alisema kamera ilianguka, ikafunguka mgongo, filamu nzima ikaingia mwanga. Walikuwamo watu wengi. Alijaribu kuwasafisha wawili watatu, aokoe hata mmoja. Hakukumbuka ni nani na nani. Filamu yenyewe ililiwa na mchwa zamani.

"Kwa hiyo anaweza kuwa mtu yeyote," nikasema.

"Anaweza," mwenye studio akakubali.

Tukamwaga kopo mezani, tukatafuta wale wengine walioungua. Tulipata karatasi mbili. Zote zilikuwa nyeupe tupu. Mama alizitazama, akazirudisha taratibu, uso ukiangalia juu, kana kwamba zinaumia.

*

Wazo la macho lilikuwa la mwenye studio. Alilisema kwa Kinyaturu kwanza, na mimi, niliyelelewa mjini na mama wa kabila jingine, nililishika nusu. Kisha akanigeukia: "Ana mdogo wake, wamefanana. Chukua macho ya mdogo, pua na mdomo, mwekee. Utaweza?"

Mama aliniangalia. "Inawezekana?"

Ningeweza kusema haiwezekani. Lakini inawezekana, na sikuona kwa nini nimdanganye. Niliona tu kwamba ni kosa, na nilipotaka kueleza ni kosa gani, nikashindwa. Si mimi niliyempa mzee mvua isiyonyesha?

Aliileta picha ya mdogo mtu siku ya mnada uliofuata. Niliifanya kazi ile asubuhi nzima, mlango umefungwa, upepo ukisukuma mabati. Nilipunguza, nikalainisha, nikaukunja uso wa mdogo ufuate mwinamo wa kichwa. Ulitoka vizuri. Huo ndio ukweli wake: ulitoka vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Kijana alisimama mbele ya pazia la maua na kutazama nje ya kioo cha kompyuta, na mwenye studio alipoingia na chai alisimama mlangoni, akarudi nyuma hatua. "Ndiye," alisema. "Sasa namkumbuka. Ndiye kabisa."

Nilimtazama, nikajiuliza anakumbuka nini hasa, kijana au kazi yangu.

Mama aliporudi kutoka mnadani aliketi safari hii. Akatazama muda mrefu. Nje mtu alikuwa ananadi viatu vya mtumba kwa kipaza sauti, mguu wa kulia bila wa kushoto haununuliki, akina mama, sogeeni.

"Kijana mzuri," mama alisema mwishowe. "Ni nani?"

Mwenye studio akanigeukia mimi.

"Kazi umeiweza, mwanangu. Lakini huyu hajawahi kuumwa sikio." Akaigusa meza, si kioo. "Ukimweka huyu pale, nitamsahau yule. Nitakuwa nakwenda kumpalilia huyu. Mrudishe alivyokuwa."

Programu ile ilikuwa na kitufe cha kurudi nyuma, kila ukibonyeza linafutika jambo la mwisho ulilofanya. Nilianza kubonyeza bila kufikiri. Mng'ao wa jicho ukatoka. Jicho likatoka, na la pili. Mdomo ukatoka. Nilisikia mama akivuta pumzi, ndipo nikaelewa ninachomwonyesha, nikataka kukigeuza kioo, lakini alinishika mkono.

"Endelea."

Nikaendelea. Pua. Kidevu. Weupe ukarudi mahali pake. Kisha nikafika kwenye weusi, niliokuwa nimeuongeza upya asubuhi ile, na bega likaanza kufifia, na kola.

"Hapo," alisema. "Usimpeleke mbali zaidi ya hapo."

Lilikuwa limebaki sikio, na mwinamo. Nikahifadhi.

*

Nilikwenda kwenye kujengea kaburi pamoja na mwenye studio. Mashina ya alizeti yaliyovunwa yalikuwa bado yamesimama shambani, makavu, yakigongana kwa upepo. Ndugu walikuwa wengi. Picha ilipita mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea aliitazama kisha akamtazama aliyempa.

"Hapa kuna mtu?" shemeji mmoja aliuliza. "Au tunamjengea moshi?"

"Umesimama vibaya, shemeji," mama alimjibu. "Jua linakupiga. Sogea huku kwangu."

Shemeji akasogea. Akatazama tena, akampa mwingine. Sijui aliona nini. Sikumuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Fundi alikuwa amelainisha saruji na kuacha nafasi ya kioo. Akaishika picha, akaigeuza, akaigeuza tena. "Samahani, mama," alisema kwa aibu. "Juu ni wapi?"

Mama aliichukua, akaiweka mwenyewe ndani ya saruji mbichi bila kusita, kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia, upande wa sikio bovu ukiwa juu. Katekista akaanzisha wimbo.

Niliporudi nilitafuta ukungu mwingine. Aliniomba hivyo tulipoagana: "Usimsimamishe tena nyuma ya watu." Nilifuta ule kwenye kompyuta, nikalazimisha ule wa programu, na wateja wakalalamika kwamba siku hizi ukungu wetu hauna uzito. Karatasi yenyewe mwenye studio aliirudisha kwenye kopo. Kila mwanamke aliyeingia na kitu kilichofungwa kwenye khanga alinifanya niache kazi, nikidhani amekuja na jina jingine la mtu yule yule. Hakuja yeyote.

Lakini picha zilizokwisha kutoka hazirudi. Nilimkuta saluni, nyuma ya bibi harusi. Nilimkuta hotelini Iguguno, nyuma ya dereva aliyeegemea lori lake. Najua kinachotokea. Mtu akishaambiwa mahali pa kutazama, hawezi tena kutotazama. Ningeweza kukifundisha darasani. Sina ushahidi kwamba alikuwa mwanawe. Nina sikio tu, na hata hilo nilionyeshwa.

Nilipokwenda kumsalimia mama yangu, picha yangu ya joho ilikuwa ukutani kama kawaida, ukungu ule nyuma yangu, mkabala na dirisha, rangi zimeanza kupauka. Niliketi niipe kisogo. Nilikunywa chai yote. Kisha nikasimama, nikaishusha, nikang'oa na msumari wake, nikaanza kuupigilia upande wa pili wa chumba, kwenye kivuli.

"Unafanya nini na ukuta wangu?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Jua, mama. Litaiunguza."

"Acha liunguze. Au mweupe wewe, unaogopa kuungua?"

"Si mimi," nikasema.